Ukurasa wa Kushoto wa Kevina

Erifazi Lubega alikuwa mpokeaji wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba, kwenye banda la bati upande wa shehena, na kwa miaka minne meza yake na yangu zilitazamana. Yeye aliandika vinavyoingia, mimi niliandika vinavyotoka. Alizaliwa Uganda, kwenye vilima vya nje ya Mbale. Mimi ni mtu wa Bungoma, upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo hatukuchukua muda kuzoeana. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwamba alikuwa Myahudi.

Babu yake alikuwa mmoja wa watu wa huko walioisoma Torati zamani za Waingereza wakaamua kuishika yote: Sabato, tohara ya siku ya nane, vyakula vilivyokatazwa. Miaka ya sabini dini yao ilipopigwa marufuku, baba yake alisali ndani ya zizi la mbuzi, na Erifazi, mtoto mdogo, aliwekwa nje kuangalia njia. Alinieleza habari hizo mara moja tu, huku akifunga kamba za mzigo, na hakuzirudia tena.

Lokosang, dereva wa pikapu yetu, mtu wa kabila la Bari kutoka Rejaf, hakuchoka kumtania, akimwita kwa 'ya' ya Kiarabu.

"Ya Erifazi, kama wewe Myahudi kweli, wale wakubwa wa Khartoum walikuachaje ukaingia Juba?"

"Hawakuuliza."

"Na wangeuliza?"

"Ningewaambia mimi iko na mizigo tu."

Tulikuwa na mapatano, yeye na mimi. Nilimshikia zamu ya Jumamosi, naye akanishikia ya Jumapili. Katika miaka yote hiyo hakuchelewa Jumapili hata moja.

Wayahudi wameigawa Torati katika sehemu, sehemu moja kwa kila wiki, mpaka mwaka unapokwisha wanaanza upya. Sehemu hiyo huiita parasha. Karatasi yenye orodha ya parasha za mwaka ililetwa kutoka Mbale kila ulipokaribia mwaka wao mpya, naye akaibandika nyuma ya mlango wa nyumba yake kule mtaa wa Gurei. Wiki yoyote ungemuuliza, angekwambia wapo wapi: Noa yumo ndani ya safina, au Yusufu yumo gerezani. Hapakuwa na sinagogi Juba wala Myahudi mwingine aliyemjua, kwa hiyo Jumamosi alisoma nyumbani, yeye na mkewe Kevina, wakajadiliana parasha hiyo inamtaka nini Myahudi anayeishi leo, hapa, kwenye mji wa vumbi na majenereta.

Majadiliano hayo yaliandikwa katika kauntabuku nene. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa Erifazi, fundisho alilolipata yeye. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa Kevina. Kevina alisoma mpaka darasa la nne na mkono wake ulikuwa mzito kwenye kalamu, basi Erifazi ndiye aliyemwandikia. Siku ya Sabato hawaandiki. Iliwabidi wangoje mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi jioni, ndipo Erifazi akae na taa ayaandike yote kutoka kichwani.

Aliwahi kunionyesha. Katika parasha ya Abrahamu kuitwa atoke kwao, ukurasa wa kulia ulisema: "Mtu huamriwa kuondoka kabla ya kuonyeshwa anakokwenda. Sisi tuliokuja Juba tusilalamike." Wa kushoto ulisema: "Sara hakuulizwa." Katika parasha ya wageni watatu, kulia: "Abrahamu alikimbia kuwapokea. Nyumba ya Myahudi Juba isikose maji ya mpita njia." Kushoto: "Abrahamu alikimbia, lakini unga ulikandwa na Sara."

Kevina ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Aliuza samaki katika soko dogo la Gurei, samaki wenye magamba tu. Kambare hakumgusa, ingawa kambare ndiye aliyetafutwa zaidi. Wanawake wenzake walimcheka. "Mama Pearl, samaki huyu amekukosea nini?" Naye akajibu, "Hajavaa nguo." Pearl ni binti yao wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano, akisoma Mbale na kukaa kwa nyanya yake.

Jumamosi ya tarehe 22 Desemba 2007 nilimaliza zamu mapema, nikaenda Gurei kula nao. Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa na kufukiwa kwenye majivu ya moto. Parasha ya wiki ile iliitwa Vayechi, inayoeleza jinsi Yakobo alivyokaribia kufa katika nchi ya Misri, akamwita Yusufu, akamwambia aweke mkono chini ya paja lake aape kwamba hatamzika ugenini, bali atampeleka kwao.

Erifazi alisema fundisho lake ni utii wa watoto kwa wazazi. Kevina akaweka sahani chini.

"Taata Pearl, umeruka lenyewe. Mzee anaomba apelekwe kwao, wewe unaleta habari ya watoto."

"Na Abrahamu je? Alimzika Sara palepale alipofia, kwa watu wageni."

"Sara hakuulizwa. Hata hapo hakuulizwa." Akaanza kucheka. "Njoo wewe, weka mkono hapa chini ya paja langu, uape. Njoo!"

"Nnyabo, Mama Pearl, kuna mgeni."

"Mgeni si ndiye shahidi? Wafula, mwambie huyu aape."

Tulicheka wote watatu. Erifazi aliona haya kwelikweli, akachukua kikombe cha maji akatoka nje kunawa. Kevina akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Hakuwa anacheka tena.

"Watu wetu wote wanaofia hapa, huyu anawafungia kamba anawapeleka kwao," aliniambia. "Siku yangu ikifika, nami anifungie kamba. Asiniache na watu wasiolijua jina la mama yangu. Wafula, dini yako inakuruhusu kuandika leo. Yeye akingoja jioni atasahau. Niandikie."

Nilimwahidi, na niliporudi chumbani kwangu niliandika maneno yake katika shajara kama alivyoyasema. Erifazi jioni ile aliitwa uwanjani mara tu Sabato ilipotoka, kwa sababu ndege ya dawa ilikuwa imetua bila taarifa. Kwenye kauntabuku aliandika ukurasa wa kulia peke yake. Haya niliyajua baadaye.

Ni kweli alivyosema Kevina kuhusu kamba. Waganda na Wakenya wengi walikuja Juba baada ya mkataba wa amani, kuuza, kujenga, kuendesha magari, na si wote waliorudi wazima. Majeneza yao yalipita bandani kwetu. Erifazi ndiye aliyeyakagua, akakaza kamba, akahakikisha jina kwenye karatasi ni lile lililo kwenye kifuniko. Kabla jeneza halijapandishwa ndegeni aliliwekea kiganja kwa muda mfupi, kisha akaondoka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Kevina alishikwa na homa Jumanne. Jumatano macho yakawa ya manjano. Ijumaa tarehe 21, saa moja asubuhi, akafa hospitalini.

Saa mbili Erifazi alikuwa bandani. Nilikuwa nimekwisha kupata habari, na nilikuwa nimetoa fomu.

"Pole, ndugu yangu. Nimekushikia nafasi kwenye ndege ya saa nane. Jeneza Lokosang analitafuta. Karatasi nyingine tunazijua, wewe na mimi."

Aliitazama fomu bila kuishika. "Inafika Entebbe saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Na Entebbe mpaka kwetu?"

"Kwa gari, saa sita. Saba."

"Sabato itaingia wakiwa Jinja."

"Basi apumzishwe Entebbe mpaka Jumamosi jioni. Jumapili mnazika."

"Alale kwenye friji siku mbili, peke yake? Sisi tumeambiwa tusimlaze maiti."

"Piga simu kwenu uwaulize wazee."

"Nimekwisha kuuliza, kwenye Torati," alisema. "Wafula, wiki hii ni Chayei Sara."

Nilijua parasha hiyo, maana yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha. Sara anakufa katika nchi ambamo Abrahamu ni mgeni. Abrahamu anasimama kutoka mbele ya maiti wake, anawaendea wenyeji wa pale, ananunua shamba lenye pango mbele ya mashahidi, anamzika mkewe humo.

"Kila mwaka mimi naandika fundisho lake," alisema. "Mwaka huu imekuja na siku yenyewe. Ijumaa ya Chayei Sara, mke wangu amekufa ugenini. Hapo nimuulize nani tena?"

"Lakini Kevina aliwahi kusema..."

"Kevina alikuwa anacheka. Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Shajara ilikuwa chumbani kwangu, mwendo wa nusu saa. Ningeweza kumwambia: ulipotoka kunawa alisema tena, na hakucheka. Nilimtazama, shati lake la kazi limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama kawaida, nikaona si mahali pangu kubishana na mtu juu ya mke wake aliyekufa saa moja iliyopita. Nikairudisha fomu kwenye droo.

Kazi ya kumwosha ilifanywa na Priscilla, jirani yao, Mkenya wa hoteli moja ya mjini, pamoja na wanawake wawili wa sokoni. Hawakujua desturi. Erifazi alisimama nje ya dirisha, amewapa mgongo, akiwaelekeza: maji yamwagwe bila kukatika, hereni zitoke, shuka nyeupe isiyo na pambo. Priscilla aliuliza kutoka ndani, "Na hii shanga ya kiunoni, Baba Pearl?" Akasema, bila kugeuka, "Hiyo pia itoke."

Lokosang alisema kwao Rejaf, pembeni mwa boma la marehemu baba yake, kuna mahali pakavu, karibu na mto, na kwamba Kevina atakaa hapo. Tulifika saa nane. Ndipo Erifazi akatoa bahasha.

"Hii ya nini?" Lokosang aliuliza.

"Ya shamba."

"Unataka kununua kaburi kwangu? Kwetu shimo haliuzwi, ya Erifazi. Nimekupa."

"Siwezi kupewa. Lazima ninunue, mbele ya watu. Ndiyo ilivyo."

"Unanitukana mbele ya kaka zangu, unajua?"

"Najua. Nisamehe. Lakini chukua."

Lokosang aliwatazama kaka zake, akanitazama mimi. Kisha akaikunja ile bahasha bila kuifungua, akaitia mfukoni. "Andika, Wafula. Andika karatasi yake anayoitaka. Jua linakwenda."

Niliandika kwenye boneti ya pikapu: upana wa mahali, urefu, miti miwili ya mpakani, majina ya mashahidi. Karatasi ile ilichukua nusu saa, kwa sababu Erifazi alitaka kila mti utajwe. Halafu ardhi ikawa ngumu. Chini ya udongo palikuwa na mwamba mwekundu na sululu moja ikavunjika mpini. Wanaume watano walichimba kwa zamu, Erifazi hakukubali kupumzika, na bado shimo lilipofika kina cha kutosha ilikuwa imepita saa kumi na moja.

Kwa Wayahudi kuna sala anayoisema mwenye msiba kaburini, na lazima wawepo wanaume kumi wa dini yake ndipo isemwe. Pale alikuwepo mmoja. Hakuisema. Wanawake wa sokoni walianza wimbo wa kanisani, yeye akainua mkono taratibu, wakanyamaza. Kevina alipenda kuimba kuliko kitu chochote. Tulifukia bila sauti yoyote isipokuwa ya makoleo, na mto ukipita ng'ambo ya matete. Erifazi, kama ilivyo desturi ya msiba kwao, alishika kola ya shati lake la kazi akalipasua upande wa kushoto, mpaka chini ya mfuko wenye jina la uwanja. Kisha akaangalia jua.

"Twende. Sabato."

Hakukaa pale hata dakika tano. Lokosang aliendesha kama mtu anayefukuzwa, lakini barabara ya Rejaf ilikuwa imeliwa na mvua za mwezi uliopita, na kwenye kizuizi askari walitaka kujua kwa nini pikapu ya uwanja wa ndege ina matope na makoleo. Tulipoingia kingo za mji jua lilikuwa limezama. Erifazi alimgonga Lokosang begani.

"Simama hapa."

"Gurei bado mbali, wewe."

"Simama."

Akashuka. Siku ya Sabato hapandi gari. Nami nikashuka, tukatembea zaidi ya saa moja, yeye mbele na shati lililopasuka. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama Kevina aliwasha mishumaa miwili mezani, na iliwaka mpaka ikaisha yenyewe, kwa sababu moto hauwashwi Sabato ikishaingia. Siku hiyo hakuna aliyewasha. Tulipofika Priscilla alikuwa mlangoni na kiberiti mkononi.

"Baba Pearl, niwashe taa?"

"Usiwashe kwa ajili yangu."

Akaingia, akaketi. Kutoka uani sikuweza kumwona.

Habari ya kifo ilifika Mbale Ijumaa ileile, lakini ya mazishi Pearl aliambiwa Jumapili. Erifazi alitumia simu yangu, na kwa vile sauti ilikuwa kubwa nilisikia. Msichana hakulia mwanzoni. Aliuliza, "Mtamleta lini?" Baba yake akamweleza habari ya parasha, ya shamba, ya karatasi. Alieleza kwa muda mrefu na kwa mpangilio mzuri. Alipomaliza, Pearl, ambaye nyanya yake humwita jaja, alisema, "Taata, jaja ameshasafisha mahali pa kaburi. Alianza Ijumaa." Kisha laini ikakatika, au aliikata.

Erifazi alikaa matanga siku saba juu ya mkeka, nikamshikia zamu zote. Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kwa mzee wa sinagogi, imepitia kwa dereva wa lori. Ilikuwa na rambirambi nyingi, na katikati sentensi moja ambayo Erifazi alinisomea mara mbili: kwamba kumchelewesha maiti kwa ajili ya heshima yake, ili azikwe na watu wake, kunaruhusiwa, na kwamba wangemngoja mpaka Jumapili bila neno. Mzee hakumlaumu. Aliandika tu kama mtu anayefikiri mwenzake anajua.

Erifazi aliendelea na kazi. Shati alilivaa vilevile limepasuka mpaka siku thelathini zikatimia, kisha akalishona kwa mkono, mshono mkubwa unaoonekana. Kwenye majeneza hakuweka tena kiganja. Alikagua jina, akakaza kamba, akageuka.

Jumatatu ya tarehe 12 Januari 2009 alikuja na kauntabuku kazini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa Vayechi tena. Aliifungua mahali pa mwaka uliotangulia. Kulia palikuwa na fundisho lake juu ya utii wa watoto. Kushoto palikuwa peupe.

"Nimekaa juzi kutwa nikijaribu kukumbuka alivyosema," aliniambia. "Nakumbuka kicheko tu. Wewe uliondoka ukaenda kwako siku ile. Uliandika?"

"Niliandika."

"Alikuwa anacheka?"

Siku ile ya mazishi nilikuwa nimenyamaza. Sasa nikamwambia. Ulipotoka kunawa, alisema tena, na hakucheka. Aliniomba niandike kwa sababu alijua utasahau.

Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Ningependa angeuliza.

Kesho yake nilimletea shajara. Alisoma amesimama, kidole chini ya mstari, akarudia. Halafu akaketi, akachukua kalamu ya kazi, akanakili kwenye ukurasa wa kushoto maneno yote ya Kevina: ya kamba, na ya jina la mama yake. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa kuliko zake za siku zote.

"Katika parasha hiyohiyo," alisema, bila kuinua kichwa, "Yakobo akishaomba apelekwe kwao, anamgeukia Yusufu anamwambia: mama yako alinifia njiani, nikamzika hukohuko njiani. Basi. Anaingia habari nyingine. Mimi nimesoma hapo tangu mtoto nikidhani ni habari ya safari. Kumbe mzee anaomba msamaha, na hajui aombeje."

"Huwezi kumhamisha?"

"Nimemwandikia mzee. Amesema tunaweza kuulizia, lakini kwa sheria yetu ni jambo zito kumfukua mtu. Na mimi nimekwisha kumkimbiza mara moja. Sitamkimbiza mara ya pili."

Mwezi wa Machi alihama Gurei. Lokosang alimpa kibanda pembeni mwa boma lao kule Rejaf, na safari hii Erifazi alipokea bila bahasha. Kutoka huko kuja uwanjani ni mbali, akawa anaamka gizani. Likizo yake ya kwenda Mbale hakuichukua, mwaka ule wala uliofuata. Nilipomuuliza kama Pearl hajamtaka arudi, alisema amemtaka, na kwamba anamwelewa.

"Nani mwingine Rejaf analijua jina la mama yake Kevina?" aliniuliza.

Sikujua mimi mwenyewe, na nikamwambia.

"Namutebi," alisema. "Liandike."

Nililiandika. Jumamosi niliendelea kumshikia zamu, naye Jumapili yangu. Karatasi yake ya parasha sasa ilibandikwa nyuma ya mlango wa Rejaf, na kauntabuku iliendelea, nilipata kuiona: kulia fundisho la wiki, fupi kuliko zamani. Kushoto, kila wiki, ukurasa mzima aliuacha wazi.